Mrija Kwenye Mkono wa Kushoto

Swali lililoninyima usingizi kwa majuma mawili lilikuwa dogo kiasi cha kunitia aibu: nikikabidhiwa mrija mbele ya watu, nitasema nini?

Shangazi alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani Kiyeyi, upande wa Uganda. Ukoo ulikuwa umepanga siku ya kuondoa matanga ya nyanya yangu, mama aliyemzaa baba. Kabla ya kufa nyanya aliacha neno. Shamba la mihogo lilikuwa la mtu fulani, mbuzi wa mwingine, na mrija wake wa pombe ulikuwa wangu.

"Wewe ndiye utakayekaa mahali pake chunguni," shangazi alisema. "Usichelewe. Na uvae gauni, si zile suruali zako."

Pombe yetu ni ya wimbi, yaani ulezi, na kwetu tunaiita kongo. Hainywewi kwa kikombe. Inawekwa katika chungu kikubwa katikati ya watu, maji ya moto yanaongezwa kila inapopungua, na watu wanakizunguka chungu kwenye viti vya chini, kila mmoja na mrija wake mrefu kupita mtu. Mrija una mwenyewe. Mwenyewe akisafiri, unabaki umechomekwa chini ya paa ukimngoja, na siku akirudi anashushiwa, hapo ndipo inajulikana kwamba amefika nyumbani. Kukataa mrija unaopewa na wazee si sawa na kukataa soda. Ni kusema kwamba wewe si wa pale.

Nami nilikuwa na miezi kumi na mmoja bila tone la pombe.

Ninafanya kazi katika duka la fotokopi karibu na mpaka, Busia ya upande wa Kenya. Nina shahada ya takwimu niliyoipata Kampala, na kazi yangu ni kuwajazia watu fomu. Wafanyabiashara, wanafunzi, wajane wanaofuata mafao ya waume zao, wote wanakaa kwenye kiti kilekile mbele yangu nami nawauliza maswali yaleyale. Jina kamili. Mahali pa kuzaliwa. Hali ya ndoa: umeolewa, hujaolewa, mjane? Hakuna aliyewahi kunigeuzia swali, na kila siku nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Majuma hayo mawili niligeuza karatasi zilizoharibika na nyuma yake nikaandika sentensi za kujitetea. Naumwa tumbo. Hiyo niliifuta mwenyewe, kwa sababu wangesema kongo ndiyo dawa ya tumbo. Natumia dawa. Wangeuliza dawa gani, na kwa mpaka huu kila mtu anajua ni dawa gani ambazo mtu hazitaji. Nina safari asubuhi. Nani hana safari? Nilizipa sentensi zangu alama kati ya kumi, na hakuna iliyovuka nne. Mwenye duka alizikuta karatasi mbili juu ya mashine akaniuliza kama ninatunga mchezo wa kuigiza.

Alhamisi nililipeleka swali kikundini.

Kikundi chetu cha watu wanaoacha ulevi hukutana saa tisa mchana katika darasa la chekechea nyuma ya kanisa, upande huohuo wa Kenya. Tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, chini ya picha za tembo na jogoo. Mwenyekiti ni muuguzi mstaafu ambaye hajanywa tangu mimi sijaanza shule. Yupo mzee mmoja wa kofia, seremala, anayesema machache. Na yupo mama mmoja wa Sikuda, ng'ambo ya Uganda, anayevuka mpaka na beseni la dagaa wakavu, analiacha mlangoni, kisha anaomba kwa sauti ambayo hata wachuuzi wa barabarani wanaitikia amina.

Siku yangu ya kwanza mle ndani nilikuwa natetemeka. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole kilichonileta, nami nikasema, "Mume wangu ameniacha."

Sijui neno mume lilitoka wapi. Lilinitoka kama kikohozi. Likishatoka, likakaa. Juma lililofuata waliniuliza kazi yake, nikasema dereva wa lori. Baadaye akawa mrefu. Baadaye akawa mtu asiyekula samaki, kwa sababu mama wa Sikuda alitaka kunipa dagaa nimtumie kama ishara ya amani. Kila Alhamisi nilimwongezea kiungo kimoja, hadi akawa mtu kamili kuliko mimi.

Nao walimwombea. Mama wa Sikuda hakukosa hata juma moja.

"Baba Mungu, rudisha bwana ya huyu mtoto! Huko mwenye alikwenda, miguu yake iwake moto, asikae, asilale, mpaka arudi kwa nyumba!"

Nilifumba macho nikamwona fundi wangu wa cherehani, huko Kisumu alikohamia, miguu ikimwaka juu ya pedali, asijue nani anamfanyia hivyo.

Yeye ndiye aliyeniacha. Alikuwa na kibanda cha kushona upande huu wa soko, nami nilikwenda kwake kupunguza sketi ya mahojiano ya kazi ambayo sikuipata. Tulikaa chumba kimoja miaka miwili. Majirani tuliwaambia sisi ni binamu. Tulikuwa na vitanda viwili, kimoja cha kulalia na kimoja cha kuonyesha wageni, nacho cha wageni tulikitandika vizuri zaidi.

Neno la mtu kama mimi nililisikia kwanza shuleni, likiwa tusi. Wasichana wawili walifukuzwa, na mkuu wa bweni alilitamka neno hilo, wasagaji, kama mtu anayetema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijua papo hapo kwamba ananitaja mimi pia ingawa hanioni. Tangu hapo nikawa mtu wa kupima. Nikimtazama rafiki, nahesabu sekunde. Nikicheka, najiuliza nimecheka vipi. Ni kazi ya kuchosha, na nilipoonja waragi, ile pombe kali ya Uganda, mwaka wa kwanza wa chuo, jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hesabu zimenyamaza. Sikuipenda ladha yake. Nilikipenda kimya kile.

Marafiki wa aina yangu niliokuwa nao, wanne kwa jumla, nilikutana nao katika baa moja ya Tororo, chumba cha nyuma. Mwenye baa hakuwa na maswali mradi tuendelee kuagiza. Pale tulicheza, tukashikana mikono, tukaitana mume wangu na mke wangu kwa utani hadi machozi. Nilipoacha kunywa nilikwenda mara mbili, nikakaa na soda yangu. Mara ya pili mmoja wao aliisukuma ile soda kwa kidole.

"Umeokoka?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi unatuhukumu."

Sikuwa ninawahukumu. Nilikuwa ninaitazama glasi yake tu, na mate yalikuwa yamejaa kinywani. Niliondoka kabla ya saa kumi na mbili, na simu zao zikapungua, kisha zikakoma.

Fundi hakuondoka kwa sababu ya watu. Alikuwa ameshona gauni la harusi kwa majuma matatu, la msichana wa Nambale, na alilitundika ukutani likingoja kuchukuliwa. Nilirudi nimelewa nikalitapikia. Alilifua siku mbili, akabadilisha kitambaa cha kifuani, akalipiga pasi, akalikabidhi kwa wakati. Halafu akaanza kufunga cherehani yake kwa kamba.

"Nilishazoea kuficha kwamba tunapendana," alisema, bila kunitazama. "Sasa naficha na ulevi wako. Mikono yangu ni miwili tu."

Hayo ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile ya kwanza kwenye kiti cha mtoto. Badala yake nikasema dereva wa lori.

Basi Alhamisi ile niliwaeleza kuhusu mrija tu. Seremala alitikisa kichwa. Mwenyekiti alifikiri, akasema njia rahisi ni kuwaambia nimeokoka.

"Mlokole halazimishwi na mtu," alisema. "Watakucheka kidogo, watakuacha."

"Lakini sijaokoka."

"Binti yangu, unakwenda kuokoa maisha yako. Hiyo nayo ni namna ya kuokoka."

Kwenye karatasi yangu sentensi hiyo ilipata nane kati ya kumi. Niliibeba.

Kiyeyi niliwasili Jumamosi, jua likiwa juu, nimevaa gauni. Chungu cha wazee kilikuwa kimeshawekwa chini ya turubai, na harufu yake nikaikuta njiani kabla sijaiona nyumba. Ni harufu ya wimbi lililochacha na kukaangwa, kama mkate uliosahaulika jikoni. Ni harufu ya nyanya pia. Sijaweza kuzitenganisha hizo mbili, nami nimejaribu.

Yeye ndiye aliyenionjesha. Lazima niseme hivyo, ingawa nampenda. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa kati ya magoti yake, na alinipa ncha ya mrija nivute kidogo kama wajukuu wote wanavyopewa. Nikaushika kwa mkono wa kushoto. Wazee wakapiga kelele. Mrija haushikwi kwa kushoto, ni mkosi, ni matusi kwa wenzako wa chungu. Mtu mmoja aliukamata mkono wangu auhamishe. Nyanya alimpiga kofi dogo la kiganja.

"Mwache. Akilazimishwa huo mwingine atamwaga."

Baadaye alichukua uzi mwekundu akazungusha kwenye mrija wake, mahali pa kushikia, akaniambia pale ndipo pangu. Nimewahi kuketi nikijaribu kumkasirikia kwa ule mvuto wa kwanza. Hasira haikuja. Ilikuja hamu ya kukaa tena kati ya yale magoti, na hamu hiyo ni ya hatari kuliko hasira.

Baada ya sala na chakula, majina ya warithi yalisomwa. Mbuzi alikabidhiwa akilalamika. Kisha baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, akaingia nyumbani akatoka na mrija. Ulikuwa umeng'aa kwa miaka ya viganja. Uzi ulikuwa bado upo, umefifia na kuwa rangi ya kutu.

Nilikuwa nimeirudia sentensi yangu njia nzima kutoka Busia. Asanteni sana wazee wangu, lakini mimi nimeokoka. Nilikuwa nimepanga mahali pa kupumua. Nilipanga hata uso. Kitu kimoja tu sikukipanga, nacho ni mikono. Baba mdogo aliunyoosha mrija, nami nikaupokea kwa kushoto.

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Mama mmoja alisema "Yesu!" Babu mdogo, mdogo wake marehemu babu yangu, mzee asiye na meno ya mbele lakini mwenye maneno yote, alikipiga kiti chake kwa fimbo.

"Faini! Nyumba hii haijapata kuona! Avute mara mbili, moja ya kusalimia, moja ya kuomba msamaha!"

"Mara tatu!" mwingine akadakia. "Amesoma huyo, ahesabu mwenyewe!"

Wakacheka, viti vikasogezwa, mahali pa nyanya pakawa wazi mbele yangu. Mtu aliichukua ncha ya chini akaitumbukiza chunguni. Nilibaki nimeshika ncha ya juu, ile yenye uzi, shubiri moja kutoka midomoni mwangu.

"Mimi sinywi," nilisema.

"Umeokoka?" aliuliza babu mdogo.

Swali lilikuwa limekuja lenyewe. Nilichohitaji ni neno moja, ndiyo, na kila kitu kingepita. Mwenyekiti alikuwa amesema kweli: hata nyuso zao zilikuwa zimeshaanza kunisamehe kwa kicheko. Nilimfikiria rafiki yangu wa Tororo na kidole chake kwenye soda. Nilimfikiria dereva wa lori, jinsi nilivyomkuza kutoka neno moja.

"Hapana," nilisema.

"Aaa! Basi ana mimba!" wanawake wa upande wa jiko wakapiga vigelegele.

"Sina mimba."

"Bwana wa Kenya amemkataza," alisema baba mdogo, akitaka kunisaidia. "Wale ni wakali."

"Sina bwana."

"Atapatikana."

"Simtafuti, baba."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Nilisikia maji ya moto yakichemka kwenye sufuria nyuma yangu. Babu mdogo aliinamia fimbo yake.

"Basi sema kwa nini. Mtu hakatai mahali pa nyanya yake bure."

"Kwa sababu nilikunywa sana, babu. Nikivuta mara moja leo, kesho mtaniokota mtaroni Busia. Nimeshalala mtaroni. Nikaibiwa viatu."

Sikuwa nimeipanga sentensi hiyo. Kwenye karatasi ningeipa moja kati ya kumi. Hakuna aliyecheka, hata kwa viatu. Babu mdogo alinitazama, na nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba mwanawe wa mwisho alikutwa amekufa kando ya barabara ya Iyolwa na chupa ya waragi mfukoni.

"Wangu hakusema hivyo hata siku moja," alisema.

Kisha akaukamata mrija wangu mwenyewe, akautoa chunguni, akaukung'uta matone chini.

"Keti. Ushike ukiwa mkavu. Mahali ni pako."

Niliketi. Wazee waliendelea kuvuta na kuzungumza juu ya mvua na juu ya jirani anayesogeza mpaka wa shamba, na kwa kitambo kidogo nilikuwa nao, magoti yangu yamepangana na yao. Ningependa kuandika kwamba nilikaa hadi jioni. Lakini maji ya moto yakaongezwa, mvuke ukapanda usoni, na mate yakajaa. Mkono ulianza kutetemeka hadi mrija ukatetemeka kwa urefu wake wote na kila mtu akauona. Niliondoka na hakuna aliyeniuliza. Huo ndio ukweli wa mahali pangu: nimepewa, na siwezi kupakalia kwa muda mrefu kuliko wimbo mmoja.

Nilikwenda jikoni. Shangazi alikuwa peke yake akisonga ugali wa mihogo na wimbi, amevaa gomesi ya kijani ambayo fundi wangu alimshonea mwaka juzi, bega moja limepigwa mkunjo mdogo ambao ningeutambua popote.

"Huyu fundi aliyenishonea," alisema bila kugeuka. "Hakuja kumzika nyanya. Leo pia simwoni."

"Alihamia Kisumu."

"Binamu yako."

"Ndiyo."

"Binamu zako wote nawajua mimi. Wengine niliwakata kitovu. Yule sikumkata."

Moshi uliniingia machoni, jambo lililokuwa msaada.

"Tuliachana," nilisema.

Mwiko wake ulizunguka sufuria mara mbili, mara tatu.

"Binamu hawaachani," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Usiniambie zaidi. Ukiniambia nitakuwa nimejua, na baba yako mdogo akiniuliza sijui kudanganya. Sasa hivi sijui kitu."

"Sawa, shangazi."

"Umekonda. Kaa hapo ule."

Nilikula. Alinikatia sehemu iliyoungua chini ya sufuria, ninayoipenda tangu utotoni, akanitazama nikila kana kwamba anahesabu matonge. Alikuwa ananipenda na alikuwa amenifungia mlango, vyote kwa mkono mmoja, na nilikuwa siwezi kumlaumu kwa hata kimoja.

Jumapili nilirudi Busia na mrija. Haukunjiki. Dereva wa bodaboda aliufunga ubavuni mwa pikipiki na ukachomoza mbele na nyuma kama mkuki. Mpakani askari mmoja alitusimamisha.

"Hii ni nini, dada?"

"Mrija wa nyanya yangu."

"Na chungu kiko wapi?"

"Sina chungu."

Aliona ni utani mzuri, akaniruhusu kupita. Chumbani niliuegemeza ukutani, juu ya kile kitanda cha wageni ambacho bado nakitandika, ijapokuwa hakuna mgeni wa kudanganya.

Siku nne nilifikiri. Watu wengine wangesema walijiuliza. Mimi nilichora jedwali. Kikundini ni watu tisa. Tuseme mmoja kati ya watatu ana mdomo mwepesi. Tuseme mmoja kati yao ana ndugu upande wa Uganda, ambako neno hili likimfikia mtu mbaya linaweza kumfunga mtu maisha. Upande huu nako sheria haicheki nasi. Tuseme wananifukuza: nitabaki wapi bila kunywa? Niliizungusha hesabu, na kila mara ilitoa jibu lilelile, nyamaza.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuingia kwenye jedwali. Pale chunguni walinipa uongo mara tatu, tayari umepikwa, nami niliukataa wote. Uongo wa nne niliupika mwenyewe, na nimewalisha watu tisa kwa miezi kumi na mmoja, watu walioniletea uji nilipokuwa natapika nyongo wiki ya kwanza. Waliyekuwa wakimpenda mle darasani ni mke wa dereva wa lori. Kila waliponikumbatia nilihisi mikono yao ikimzunguka yeye, nami nimesimama kando nikitazama. Ndiyo maana nilikuwa nikitoka pale kila Alhamisi nikiwa mzima wa mwili na mpweke kuliko nilivyoingia. Na nilijua, kwa namna ninavyoijua njaa, kwamba upweke ule ndio utakaonirudisha kwenye chupa, si harufu ya kongo.

Alhamisi nilifunga kaunta dakika kumi mapema. Beseni la dagaa lilikuwa mlangoni. Niliketi chini ya picha ya jogoo. Mwenyekiti aliuliza habari za Kiyeyi, nikawaeleza yote, kuhusu mkono wa kushoto na faini, na seremala akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilipofika kwenye viatu vilivyoibiwa mama wa Sikuda alishapandisha mikono yake.

"Mungu ni mwema! Sasa tunamalizia na mambo ya bwana. Tusimame, tuombe bwana yake arudi."

Watu wakaanza kusimama, viti vidogo vikikwaruza sakafu.

"Mama, ngoja," nilisema. "Msimame kidogo. Hapana, mkae. Naomba mkae."

Karibu wote wakakaa. Mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeukalia.

"Hakuna mume. Hakuna lori. Niliwadanganya siku ya kwanza kwa sababu niliogopa, halafu nikashindwa kurudi nyuma. Mtu aliyeniacha alikuwa mwanamke. Fundi wa nguo. Tulikaa pamoja kama mtu na mwenzake, nami nilimpenda, na pombe yangu ndiyo iliyomfukuza."

Nje mtu alikuwa akiita bei ya vitunguu. Seremala aliichukua kofia yake kutoka gotini, akaitazama ndani, akaivaa, akatoka bila kusema neno. Mlango ulijifunga taratibu nyuma yake. Mwenyekiti hakumwita, wala hakunitazama. Alikuwa anaitazama mikono yake ya uuguzi. Wengine walibaki kwenye viti. Sikujua wamebaki kwa sababu gani na safari hii sikujaribu kukisia.

Mama wa Sikuda ndiye aliyekuwa bado amesimama. Mikono yake ilikuwa hewani nusu, mahali ambapo sala ilimkatikia.

"Mwaka mzima," alisema, "mimi nasumbua Mungu na dereva."

"Nisamehe, mama."

"Na miguu ya huyo dada nimeichoma bure."

"Ndiyo, mama."

Alishusha pumzi. Alikitafuta kiti chake kwa mkono bila kuniondolea macho, akaketi juu yake kwa uzito wake wote.

"Sasa huyo mwanamke," aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali wala ya upole, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kazi iliyobaki, "tunamwombea nini?"

Nikamwambia asiombewe kurudi, aombewe tu miguu yake ipoe.